Fedha Zilivuka Bahari, Mwanamke Akaachwa Pwani
Barua ya wazi kwa wadhamini wa taasisi za uhisani za Marekani

Waheshimiwa wadhamini,

Kwa heshima zote, barua hii imeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi. Baadhi ya taasisi mnazozisimamia zina ofisi Nairobi, na ruzuku zenu zinafika hadi vijijini Tanzania, Uganda na Kongo. Vikundi vinavyozipokea vimezoea kuandika maandiko ya miradi kwa Kiingereza, kutoa ripoti kwa Kiingereza na kujibu maswali ya wakaguzi kwa Kiingereza. Safari hii maneno yaanzie upande wa pili, na anayehitaji mkalimani awe mwenye fedha.

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa mikononi mwa polisi mjini Minneapolis. Katika wiki zilizofuata mlitoa ahadi kubwa: kwamba uhisani wenu utasimama na watu weusi, na zaidi na wanawake weusi, ambao hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Miaka imepita. Hofu ya mahakama na ya wanasiasa imeingia katika vikao vyenu, na sauti ya ahadi zile imeshuka. Kabla hamjaamua kurudi nyuma, tazameni siku ambazo fedha za uhisani wa Marekani zilivuka bahari kwa jina la mtu mweusi, zikafika Afrika Mashariki bila ya mwanamke aliyezipa maana.

Mahali penyewe ni Lower Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Leo pana chuo cha kufundisha watumishi wa serikali ya Kenya. Mwaka 1925 palifunguliwa Shule ya Jeanes, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Jina la Jeanes lilitoka Philadelphia, kwa mwanamke wa dhehebu la Quaker aliyeitwa Anna T. Jeanes. Mwaka 1907, mwaka aliofariki, Anna alitoa dola milioni 1 ziende kwenye shule ndogo za watu weusi huko vijijini, kusini mwa Marekani. Hakutaka zijenge vyuo vikubwa. Alitaka zifike kwenye darasa moja la mbao lenye paa linalovuja.

Aliyezifikisha ni Virginia Randolph, mwalimu mweusi wa wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani. Mwaka 1908 aliajiriwa kuwa msimamizi wa kwanza wa mpango wa Jeanes, akakabidhiwa shule zaidi ya 20. Alizizungukia moja baada ya nyingine, akiwakusanya wazazi wapake chokaa, wachimbe vyoo, wapande miti, wachange senti za kuongeza mwezi wa masomo. Mwalimu aliyekuwa peke yake msituni akapata mtu wa kumshauri na kumsemea kwa wakubwa wa elimu. Mpango ukaenea kusini kote, na wengi wa wasimamizi waliomfuata Virginia Randolph walikuwa wanawake weusi. Katika nchi iliyowanyima kura kwa rangi yao, na kuwabagua tena kwa jinsia yao, wanawake hao walikuwa viongozi wa elimu wa wilaya nzima nzima.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, mfuko mwingine ulioanzishwa kwa wosia wa mwanamke tajiri wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Ilifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwemo James Aggrey, msomi mweusi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume iliusifu mpango wa Jeanes na kupendekeza uletwe huku. Katibu wa tume hiyo, James Dougall, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shule ya Kabete.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mdhamini anapaswa kulitafakari. Kabete iliwaita walimu wanaume wajifunze kusimamia shule za vijijini, waje na wake zao. Wake hao walifundishwa kupika, kushona, usafi na malezi. Jina lilikuwa lile lile, na sifa iliyouleta mpango ng'ambo hii ilikuwa sifa ya kazi ya akina Virginia Randolph. Lakini kule Henrico mwanamke ndiye aliyekuwa msimamizi, na huku Kabete mwanamke akawa mke wa msimamizi.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Jones alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1917, ripoti kubwa juu ya elimu ya watu weusi wa Marekani, akisisitiza kazi za mikono na kilimo kuliko masomo ya juu. Msomi mweusi W.E.B. Du Bois aliipinga hadharani, na msomi mwenzake Carter G. Woodson alikuwa miongoni mwa waliomkosoa Jones kwa ukali. Walichokikataa ni fikra kwamba mfuko wa fedha unaweza kukaa New York na kuamua mtu mweusi anafaa kusoma kiasi gani. Fikra hiyo ilipanda meli pamoja na fedha. Ilipofika Kenya ilikutana na serikali ya kikoloni na wamisionari, na mfuko, serikali na wamisionari wote walikuwa na mawazo yao juu ya mahali pa Mwafrika, na juu ya mahali pa mwanamke wa Kiafrika. Kabete ilizalisha walimu wazuri, na vijiji vilifaidika nao. Hilo likubaliwe. Hata hivyo, mpango uliozaliwa kwa fedha za mwanamke na kulelewa na wanawake weusi ulimwacha mwanamke mlangoni, kwa sababu hakukuwa na mwanamke mweusi katika chumba cha uamuzi.

Ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa jinsia ni nyuzi mbili za kamba moja. Anayefungua mmoja na kuuacha mwingine anakaza fundo.

Tazameni sasa njia nyingine, ambayo nayo ni historia ya nchi yenu. Desemba 5, 1955, watu weusi wa Montgomery, jimbo la Alabama, waliacha kupanda mabasi ya mji kwa sababu ya ubaguzi wa viti. Mgomo ulidumu zaidi ya mwaka mmoja. Watu walihitaji usafiri wa kwenda kazini, na chama chao kiliendesha magari ya kujitolea yapatayo 300. Magari yanakunywa petroli. Nani alilipia?

Michango ilitoka pande nyingi, ikiwemo ya mbali. Lakini mapema kabisa alijitokeza Georgia Gilmore, mpishi katika mkahawa wa mjini na mama wa watoto kadhaa. Aliwakusanya wanawake wapishi na watumishi wa majumbani, wakaanza kukaanga kuku, kutengeneza sandwichi, kuoka keki na kuuza mtaani, kwenye saluni na milangoni mwa makanisa. Kikundi hicho kilijulikana kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana. Jina lilikuwa ngao. Mwanamke anayepika katika nyumba ya tajiri Mzungu angefukuzwa siku ile ile kama ingejulikana kwamba anachangia mgomo. Kwa hiyo akiulizwa fedha zimetoka wapi, jibu lilikuwa tayari. Keki zile zilinunuliwa na weusi, na Wazungu pia wakazinunua, baadhi yao bila kujua zinalipia nini. Georgia mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1956 katika kesi ya Martin Luther King, akapoteza kazi yake. Akaendelea kupikia nyumbani, na jikoni kwake pakawa mahali pa viongozi kula na kupanga.

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Mwaka huo huo wa 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha lelemama, alianza kuwaandikisha wanawake wa mji katika TANU kwa maelfu, akipitia vikundi vyao vya ngoma na vya kusaidiana. Wanawake hao, wengi wao wauza vitumbua na maandazi wasiojua kusoma, walikuwa wamekwisha kujua kukusanya, kutunza na kugawa fedha, kwa sababu upatu ulikuwa shule yao. Walichangia harakati za kuung'oa utawala uliowapanga watu kwa rangi, na walichangia kabla mfadhili yeyote hajawasikia.

Ndiyo maana neno "mnufaika", lililojaa katika fomu zenu, linawakosea heshima. Wanawake weusi wa Montgomery na wa Dar es Salaam walikuwa wafadhili wa kwanza wa haki yao wenyewe. Taasisi kubwa zilifika baadaye, na swali la haki kwenu ni hili: mkifika, mnakuja kuunga mkono alichokianza, au kumpangia upya?

Zipo taasisi zilizojibu vizuri. Katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina, Januari 1957 lilianza darasa la usiku nyuma ya duka la ushirika. Duka la mbele liliwaficha wanafunzi wasionwe na Wazungu wasiopenda mtu mweusi apige kura. Wakati huo sheria ya jimbo ilimtaka mpiga kura ajue kusoma, na wakulima wa visiwa vile walikuwa wamenyimwa shule kwa vizazi. Mwalimu aliyechaguliwa hakuwa mwalimu. Alikuwa Bernice Robinson, msusi. Waliomchagua, mwalimu Septima Clark na Esau Jenkins, mwenyeji wa kisiwa hicho, walijua walichokifanya: msusi anazoea kusikiliza, hamdharau mtu mzima asiyejua kusoma, na kipato chake hakitoki mfukoni mwa Mzungu anayeweza kumfukuza. Wanafunzi walijifunza kuandika majina yao, kujaza fomu ya kutuma fedha kwa posta, kusoma masharti ya kupiga kura.

Septima Clark alikuwa amekwisha kulipa gharama yake. Mwaka 1956 alifukuzwa ualimu baada ya miaka 40 ya kazi, akanyimwa na pensheni, kwa kukataa kujitoa katika chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Alihamia Highlander, kituo cha mafunzo ya watu wazima huko Tennessee, ambacho kazi yake ya visiwani iligharimiwa na mfuko mdogo wa Schwarzhaupt. Highlander iliwakopesha watu wa kisiwa fedha za kununua jengo, wao wakazirudisha. Serikali ya Tennessee ilipokiandama kituo hicho, shule za uraia zilihamishiwa mwaka 1961 katika taasisi ya akina Martin Luther King, SCLC, safari hii kwa fedha za mfuko wa Field. Kufikia mwaka 1970 zilikuwa zimefunguliwa shule karibu 900, nyingi zikifundishwa na wanawake wa kawaida jikoni, makanisani na chini ya miti.

Mifuko ile miwili haikubuni darasa. Haikumwambia Bernice Robinson afundishe nini. Ililipa gharama, ikakaa miaka, na ikavumilia joto la kisiasa. Pamoja na hayo, Septima Clark aliandika baadaye kwamba katika uongozi wa SCLC wanaume hawakuona kwamba maneno ya mwanamke yana uzito. Hata palipofanyika vizuri, uzi wa pili ulibaki umekazwa.

Kuna funzo jingine, na hili ni chungu kidogo. Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, alishirikiana na mwanaelimu mweusi Booker T. Washington kusaidia kujenga shule za weusi vijijini. Hadi mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa karibu 5,000 katika majimbo 15. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika mojawapo, na John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge, vilevile. Rosenwald aliagiza pia kwamba mfuko wake usitunzwe milele, utumike uishe ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Ukafungwa mwaka 1948, mapema kuliko alivyotaka. Hayo ni ya kuigwa.

Lakini sharti lake lilikuwa kwamba jamii nayo ichangie. Watu weusi wa kusini walichanga dola milioni 4.7, zaidi ya dola milioni 4.3 za Rosenwald mwenyewe. Walichanga kwa kuuza kuku, mayai na pamba, kwa kutoa ardhi na nguvu zao. Na hao hao walikuwa wakilipa kodi ambazo serikali za majimbo zilizimwaga kwenye shule za Wazungu. Walilipa mara mbili kwa shule moja.

Desturi hiyo haijafa. Maandiko mengi ya miradi yanayotoka Afrika Mashariki leo yana safu ya "mchango wa jamii". Mhasibu akiijaza, mara nyingi anachoandika humo ni kazi ya wanawake: maji waliyoteka, chakula walichopika, saa walizokaa kwenye vikao wakiwa wamefunga genge. Fedha ya mwanamume fundi inaitwa malipo. Jasho la mama aliyempikia fundi linaitwa mchango. Mkitaka kujua kama ruzuku yenu inajenga usawa wa kijinsia, anzeni kusoma safu hiyo.

Tuje kwenye siku hizi. Juni 2020, Ford Foundation ilikopa dola bilioni 1 kwa kuuza hatifungani ili iongeze ruzuku wakati wa dhiki. Pamoja na taasisi nyingine nne, yaani za MacArthur, Kellogg, Mellon na Doris Duke, ahadi ilifika dola bilioni 1.7 na zaidi. Hatua hiyo ilivunja kisingizio cha miaka mingi kwamba mtaji hauguswi. Sheria ya kodi ya Marekani inazitaka taasisi binafsi za uhisani zitumie kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao. Sheria ilisema msipungue hapo. Desturi ya wengi wenu imeisoma kwamba msizidi hapo.

Mwaka huo huo zilitoka hesabu mbili zinazopaswa kubandikwa katika kila chumba cha mikutano yenu. Ya kwanza ilitoka Ms. Foundation for Women: ruzuku za taasisi za uhisani zilizoelekezwa kwa wanawake na wasichana wasio Wazungu nchini Marekani zilikuwa sawa na dola 5.48 kwa kila mmoja wao kwa mwaka. Fedha hizo hazitoshi chakula cha mchana cha mtu mmoja mjini New York. Zilikuwa nusu ya asilimia moja ya dola bilioni 66.9 zilizotolewa na taasisi hizo. Hesabu ya pili ilitoka kwa Echoing Green na Bridgespan, waliolinganisha asasi changa zilizoomba kuingia katika mpango mmoja. Asasi zilizoongozwa na weusi zilikuwa na mapato ya chini kwa asilimia 24 kuliko zilizoongozwa na Wazungu, na akiba yao isiyofungwa na masharti ilikuwa chini kwa asilimia 76.

Namba hiyo ya 76 ndiyo yenye kisa. Akiba isiyo na masharti ndiyo inayolipa kodi ya ofisi ruzuku ikichelewa. Ndiyo inayomlipa wakili, inayomwezesha kiongozi kukataa mradi usiofaa. Mnapompa Mzungu fedha za kuendesha asasi na mkampa mweusi fedha za semina tatu na vipeperushi, mnakuwa mmesema bila kusema ni nani mnayemwamini.

Yupo aliyefanya kinyume. Kati ya mwaka 2019 na 2024 tajiri wa Marekani MacKenzie Scott alitoa zaidi ya dola bilioni 19, nyingi kwa mkupuo na bila masharti. Mwaka 2020 chuo cha kihistoria cha watu weusi cha Prairie View A&M, Texas, wakati huo kikiongozwa na Ruth Simmons, kilipata kutoka kwake dola milioni 50. Mwaka 2021 miongoni mwa waliopokea ulikuwemo mfuko wa African Women's Development Fund wa Accra, ambao Hilda Tadria wa Uganda ni mmoja wa waanzilishi wake. Utajiri wa mtu mmoja kuwa na nguvu kiasi hicho ni jambo la kujadiliwa. Lakini namna ya kutoa imejibu hoja ya wale waliodai kwamba haiwezekani.

Kisha ikaja hofu. Fearless Fund, mfuko wa wanawake weusi wa Atlanta, ulikuwa ukitoa ruzuku za dola 20,000 kwa biashara ndogo zinazomilikiwa na wanawake weusi, kundi ambalo hupata chini ya asilimia 1 ya mitaji ya uwekezaji nchini humo. Agosti 2023 ulishtakiwa na kundi linaloongozwa na mwanaharakati Edward Blum. Sheria iliyotumiwa dhidi yake ilitungwa mwaka 1866 ili watumwa walioachiwa huru wapate haki ya kufunga mikataba kama Wazungu. Juni 2024 mahakama ya rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilizuia ruzuku hizo, na Septemba mwaka huo mfuko ukakubali kuufunga mpango ili kesi iishe. Sheria iliyoandikwa kumlinda mjukuu wa mtumwa imetumika kumfungia mlango.

Hofu yenu inaeleweka, na ina historia. Mwaka 1967 Ford Foundation ilitoa dola 175,000 kwa chama cha haki za kiraia cha CORE mjini Cleveland, zilizosaidia kuandikisha wapiga kura weusi. Novemba mwaka huo Carl Stokes akachaguliwa kuwa meya mweusi wa kwanza wa mji mkubwa wa Marekani. Bunge lilikasirika, na sheria ya kodi ya 1969 ikazibana taasisi za uhisani, hasa katika kuandikisha wapiga kura. Wengi walijifunza woga kutokana na tukio hilo. Wangeweza kujifunza jambo jingine pia: kwamba ruzuku ile ilifanya kazi, na ndiyo sababu ilipigwa vita. Georgia Gilmore hakuwa na wakili hata mmoja wa kodi, na alipoteza kazi. Ninyi mna mawakili wa kutosha. Kesi ya Atlanta haikuwakataza kusaidia haki ya nyumba, ya uzazi salama, ya ujira wa wafanyakazi wa majumbani, wala msaada wa kisheria kwa waliofungwa bila dhamana. Katika kila moja ya hizo mtamkuta mwanamke mweusi akiwa mstari wa mbele.

Tena huku kwetu mfano upo, wala si wa kubahatisha. Wangari Maathai alipoanza kupanda miti mwaka 1977 kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, hakuwa na mfadhili mkubwa. Wanawake wa vijijini walikuwa wakimweleza kwamba kuni zimepungua, mito inakauka, na watoto wanakula vibaya. Wao ndio waliotaja tatizo. Miaka michache baadaye mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Muongo wa Wanawake ulitoa dola 122,700. Fedha hizo zililipia, pamoja na mengine, malipo madogo kwa kila mche uliopona. Malipo hayo yalitolewa kwa wanawake wenyewe, kwa kazi yao, bila kuiita mchango wa jamii. Wangari alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30. Fedha zile zilikuwa ndogo kuliko bajeti ya mikutano ya baadhi ya taasisi zenu.

Na leo hamna haja ya kumtafuta Wangari wa kesho kwa darubini kutoka Manhattan. Ipo mifuko ya wanawake yenye kujua kila kikundi kwa jina la mweka hazina wake. Tanzania kuna Women Fund Tanzania Trust, ulioanzishwa mwaka 2008. Kuna mfuko wa Accra uliotajwa juu. Chini yao kuna maelfu ya vikoba na vyama, vyenye daftari, sanduku la kufuli tatu na faini ya mchelewaji. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanamke aliyenyimwa urithi wa shamba anajua ni hati gani inayohitajika na ni afisa gani anayeikalia.

Kwa hiyo, waheshimiwa, barua hii inaomba mambo manne.

Kwanza, toeni fedha za uendeshaji kwa miaka isiyopungua mitano kwa asasi zinazoongozwa na wanawake weusi, kwenu na kwetu. Darasa la kisiwa cha Johns halikubadilisha orodha ya wapiga kura kwa ruzuku ya miezi kumi na miwili.

Pili, wekeni katika bodi zenu wanawake weusi waliotoka kwenye kazi yenyewe, wenye kura, na si washauri wa kuitwa kwa siku moja. Kabete iwakumbushe nini hutokea kiti hicho kikikosekana.

Tatu, futeni sharti la mchango wa jamii pale ambapo mchango huo ni kazi ya wanawake isiyolipwa. Kama kazi hiyo ni ya lazima kwa mradi, ilipwe kama kazi nyingine.

Nne, pokeeni maombi na ripoti kwa Kiswahili. Kikundi kinachojua hesabu zake vizuri kisishindwe na kinachojua Kiingereza vizuri.

Kikao chenu kijacho kitakapoitishwa, mwombeni mhasibu awaletee namba tatu tu: kiasi gani kilikwenda kwa vikundi vinavyoongozwa na wanawake weusi, kiasi gani cha hicho hakikuwa na masharti, na ruzuku ngapi kati ya hizo zimevuka miaka mitano. Kisha zitangazeni hadharani. Katika mikutano ya usiku ya mgomo wa Montgomery, Georgia Gilmore alisimama mbele ya kanisa lililojaa akataja kiasi ambacho wanawake wake wamekusanya wiki hiyo, na watu wakamshangilia. Alikuwa mpishi aliyefukuzwa kazi. Ninyi, wenye mabilioni na wahasibu, mnaombwa mfanye hivyo walau mara moja kwa mwaka.